Chaki Kwenye Tairi la Mbele

Foleni ya kupokea vifurushi ilikuwa imetoka mlangoni na kukunja kona ya jengo, na kila mtu ndani yake aliona yeye ndiye mwenye haraka kuliko wote. Mkasi alikuwa ameshapokea mzigo wake, jora zima la bitana ya rangi ya maziwa. Akalitupia begani, akageuka atoke, ila akasahau urefu wa jora. Ncha ya nyuma ilizunguka naye, ikampiga kofi la sikio kijana aliyekuwa akisaini karatasi kwenye dirisha la jirani.

"Aah! Dada, tuna ugomvi?"

"Samahani sana, kaka. Ila na wewe, foleni kama hii mtu anaingia bila helmeti?"

Kijana akashika sikio, akacheka. Alikuwa mrefu na mwembamba, ovaroli yake ya buluu ilionekana kama imetundikwa tu pale mabegani. Kifuani alikuwa amejivika matairi mawili mapya ya baiskeli, moja kutoka bega hili, jingine kutoka bega lile. Mkasi naye hakuwa wa kupitwa hivi hivi. Alivaa sketi ya jinzi aliyojishonea mwenyewe, ikimkaa kiunoni bila kosa hata la nusu inchi, na blauzi ya njano, na shingoni tepu ya kupimia, kwa sababu alitoka kazini mbio akaisahau. Mtaani walimwita Mkasi kwa kazi yake ya kushona nguo za kike. Wateja waliochelewa kuja kujaribu nguo zao walisema ni kwa ulimi wake.

Mkono wa fundi wa nguo hauna adabu mbele ya kitu kipya. Kabla kijana hajamaliza kusugua sikio, Mkasi alikuwa ameshabonyeza tairi moja kwa kidole gumba, akahamia la pili.

"Pole zaidi basi. Wamekuuzia jozi mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Hili pana, meno marefu, laini. Hili jembamba, meno mafupi, gumu. Wamekuchanganyia."

"Hawajanichanganyia. Ndiyo jozi yenyewe."

"Jozi gani haifanani?"

"Wewe ukishona koti, kola na bitana unazikata kwenye kitambaa kimoja?"

 Haikuwa mara nyingi mtu kumfunga Mkasi mdomo, tena kwa kazi yake mwenyewe.

"La mbele kazi yake kushika," kijana akasema, akipigapiga lile pana. "La nyuma kazi yake kusukuma. La nyuma likiteleza, kiuno kinakuokoa. La mbele likiteleza, hupati hata nafasi ya kusema mama wee."

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo pa mama wee."

Akarudia. Mkasi alishusha jora chini, polepole, akakaa juu yake katikati ya watu waliokuwa wakisukumana. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe mpaka kwenye bega la kushoto.

"Mwaka jana nilianguka," akasema. "Mbio za mlimani. Mfupa wa mtulinga ulivunjika vipande viwili."

"Baiskeli iko wapi?"

"Stoo. Imefunikwa shuka."

"Nani kaifunika?"

"Mama."

"Basi ifunue," kijana akasema. "Uniletee."

*

Karakana ya kijana ilikuwa chumba kimoja kirefu, baiskeli zimening'inia darini kwa kulabu, harufu ya mpira na grisi imeingia mpaka kwenye kuta. Kwa wembamba wake walimwita Spoki, naye aliitika. Aliigeuza baiskeli ya Mkasi miguu juu, akazungusha gurudumu la nyuma, kisha la mbele.

"Tairi la nyuma ni jipya."

"Nililinunua wiki moja kabla ya mbio. La zamani lilikuwa limeisha kabisa."

"Na la mbele?"

"La mbele lilikuwa bado zima, nikaliacha."

"Lete kidole." Akakishika kidole cha Mkasi, akakipitisha katikati ya tairi la mbele. "Hapa kuna meno?"

"Yapo."

"Na hapa pembeni?"

Kidole kilipita pembeni kikateleza. Meno yalikuwa yamelika mpaka yakabaki vichuguu.

"Ukiinama kwenye kona, unakanyagia wapi?"

"Pembeni," Mkasi akasema.

Miezi kumi alikuwa amebeba jambo moja kifuani: kwamba ile kona aliyoangukia aliiogopa, na woga ndio uliomwangusha. Kaka yake alisema hivyo. Wenzake wa klabu walisema hivyo kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko matusi. Tangu bega lipone, woga ulikuwa umemfuata mpaka mezani kwake. Alikuwa mtu wa kukata kitambaa cha gharama akiwa anaongea na wateja watatu. Sasa alipima mara tano, akashika mkasi, akaurudisha mezani. Na kumbe kosa lilikuwa kulifungia gurudumu la nyuma tairi jipya, na la mbele akaliachia mpira uliokwisha.

Akalia. Hakujificha. Spoki alitafuta kitambaa safi karakana nzima, akakosa, akampa mkono wa ovaroli.

"Mbio za mwaka huu ni baada ya wiki nane," Mkasi akasema alipomaliza. "Sitaki kikombe. Nataka kupita Kiwiko bila kuweka mguu chini. Basi."

Kiwiko ndiyo ile kona iliyomwangusha, ya mwisho ya mteremko, imekunjika kuelekea kushoto, changarawe tupu, na upande wa nje mtaro. Kila mwendesha baiskeli wa mji ule aliijua.

"Utapita," Spoki akasema.

*

Wiki mbili za kusubiri matairi mapya aliyoagiza Spoki zilitosha wapendane. Mkasi alikuja kuuliza kama yamefika, akakaa saa nzima. Alikuja tena kesho yake na ovaroli mpya aliyoikata kwa kukadiria kwa macho, na ikamkaa Spoki kwa mara ya kwanza maishani mwake kama nguo. Kisha zikaja simu.

"Umeamka, mpenzi?"

"Nimeamka zamani. Natia pini kwapani kwa mteja, simu nimeibana kwa bega."

"Bega lipi?"

"Lile zima, daktari wangu."

"Mteja anatusikia?"

"Anasikia na anacheka. Sema haraka."

"Nimekukumbuka."

"Anasema amenikumbuka," Mkasi akamwambia mteja, na mteja akachomwa na pini kwa kucheka.

Siku matairi yalipofungwa, Mkasi aliingia karakana kwa furaha, akabonyeza la mbele kwa gumba. Pana, laini, meno marefu. Akabonyeza la nyuma. Pana, laini, meno marefu.

"Mbona yanafanana?"

Spoki alikuwa akitafuta kitu kwenye kisanduku cha bolti. "Kwako wewe ni bora yafanane. Kwa usalama."

Mtu anayependa ana masikio ya ajabu, husikia anachotaka. Mkasi alisikia neno usalama, akaona anatunzwa, akambusu shavu lenye grisi na kupanda baiskeli.

Kupanda ndiko kulikomtoa jasho. Kila Jumamosi asubuhi walikwenda mlimani pamoja, na kila Jumamosi baiskeli ilizidi kuwa nzito. Matairi yalinguruma kwenye barabara ya udongo, yakang'ang'ania ardhi, yakamrudisha nyuma. Sheria ya mbio ilikuwa moja, haina huruma: kileleni kulikuwa na meza ya wasimamizi, na asiyefika pale ndani ya saa moja na nusu alirudishwa na gari. Mkasi alifika kwa saa moja na dakika hamsini. Wiki iliyofuata, saa moja na dakika arobaini na nane.

Kushuka nako kulikuwa na habari yake. Alitoa chaki ya kuchoria kitambaa mfukoni, akapaka tairi la mbele kutoka ukingo hadi ukingo, akashuka kona ndogo ya mazoezi, akasimama kutazama. Katikati chaki ilikuwa imefutika yote. Pembeni ilikuwa nyeupe vile vile.

"Unaona?" Spoki akasema. "Huinami. Unafunga breki kabla ya kona."

"Mkono unafunga wenyewe."

"Na kupanda umechoka. Mpenzi, si lazima iwe mwaka huu."

Ilikuwa sentensi ndogo, tena ilisemwa kwa mapenzi. Lakini Mkasi alirudi nyumbani nayo ikimkwaruza njia nzima.

*

Mama yake alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke wa kukunja shuka pembe kwa pembe mpaka leo. Jioni hiyo alikuwa kitandani kwake amezungukwa na nguo zilizoanuliwa, akiziweka mafungu.

"Yule kijana wako ana adabu," akasema bila kuinua macho. "Nilikwenda kumsalimia pale kwake."

"Ulikwenda lini, mama?"

"Mwezi uliopita. Nikamwambia, baba, mwekee huyu mtoto matairi mazito, achoke mwenyewe, aache hizo mbio bila ugomvi na mtu. Akanisikiliza. Vijana wa siku hizi wanaosikiliza wazazi ni wachache."

Mkasi alichukua blauzi moja, akaikunja ile ile mara nne. 

Kesho yake mchana aliingia karakana akiisukuma baiskeli. Palikuwa na wateja wawili, na wote wawili mara moja wakaanza kuchunguza kengele zilizotundikwa ukutani.

"Siku ya kwanza, pale kwenye vifurushi, uliniambia nini?"

"Mkasi, kaa kwanza."

"Sikai. La mbele kazi yake nini?"

Spoki akaweka spana chini. "Kushika."

"La nyuma?"

"Kusukuma."

"Na yangu mbona yote yanashika?"

Redio ilikuwa ikitangaza hali ya hewa.

"Mama yako alikuja hapa analia," Spoki akasema mwishowe.

"Mama yangu ana haki ya kulia. Nakuuliza wewe."

"Niliogopa. Sawa? Niliogopa kukuona chini. Nikasema, ukichoka, utaacha, na mimi nitakuwa nawe mzima."

"Basi ungesema! Ungeniambia, Mkasi, mimi naogopa. Ningekusikia, ningekubishia, tungemaliza. Wewe ukauchukua woga wako ukanifungia kwenye magurudumu, nami nikaupandisha mlima mwezi mzima kwa miguu yangu, nikidhani mwenye kasoro ni mimi!" Akavuta pumzi. "Mteja akitaka gauni la mabega wazi, na mimi naona halimfai, namwambia usoni. Simshonei mikono kwa siri."

"Nisamehe, mpenzi."

"Usiniite hivyo leo."

Akaigeuza baiskeli. Mlangoni matairi yale mapana yalikwama kwenye kizingiti, kama kwamba nayo yalikuwa upande wa mwenye karakana, na ilibidi aiinue kwa mikono miwili ndipo itoke.

*

Zilibaki wiki mbili. Spoki alipiga simu, hazikupokelewa. Alituma ujumbe mrefu, kisha mfupi, kisha neno moja tu, samahani, kila asubuhi saa moja kamili. Mkasi alisoma kila ujumbe. Alimkumbuka mpaka alishona zipu juu chini, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mwanafunzi. Lakini hakujibu. Alikuwa amejifunga kibwebwe, na kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua matairi mwenyewe.

Aliazima. Mwenzake mmoja wa klabu alikuwa na gurudumu la nyuma lenye tairi jembamba la meno mafupi. Akalifunga siku moja, akapanda nalo: saa moja na dakika ishirini na tatu. Alipofika juu aliitazama saa, akacheka peke yake mpaka ndege wakaruka. Kesho yake akaazima la mbele la aina ile ile jembamba, kwa tamaa ya kupunguza dakika nyingine. Akashuka kona ndogo ya mazoezi, gurudumu likamponyoka kidogo tu, nusu ya shubiri. Hapo akajua kwa mwili wake kile alichoambiwa kwa maneno. Dakika atazitoa nyuma. Mbele hatoi kitu.

Kisha akazungumza na mama yake.

"Mama, lile tairi zito la nyuma uliloniombea nalitoa."

"Nilikuosha nywele miezi mitatu, mwanangu. Mkono hukuweza kuinua. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Nimechoka kukufunga bandeji."

"Najua. Ndiyo maana sitaki ukae nyumbani ukisubiri simu. Njoo usimame pale pale Kiwiko na sanduku lako la bandeji."

Mama yake alimtazama sana. Alitaka kugomba, akaona uso ule, akakumbuka kwamba aliuzaa mwenyewe.

"Bandeji zangu zimepitwa na wakati," akasema.

"Tutanunua mpya."

*

Spoki alipomwona mlangoni aliinuka haraka akagonga kichwa kwenye baiskeli iliyoning'inia.

"Nimekuja kama mteja," Mkasi akasema. "Lile la mbele ulilonifungia linabaki. La nyuma nataka jembamba, meno mafupi, ubavu mgumu usichanwe na mawe. Unalo?"

"Ninalo."

"Nitalifunga mwenyewe."

"Sawa."

Akampa tairi, vijiti vya kubandulia na pampu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akatia mikono mfukoni. Mkasi alifanya kazi akiwa amepiga magoti sakafuni, sketi ameikusanya, jasho likimtiririka. Alibandua la zamani, akaingiza jipya, akavunjika kucha mbili, akalaani kimya kimya. Baada ya nusu saa akajaza upepo na kufuta mikono, akiwa na kiburi cha halali.

Spoki alikuwa amekunja uso. 

"Niseme," akauliza, "au ninyamaze?"

"Sema."

"Tazama ubavuni mwa tairi. Kuna mshale mdogo."

Mkasi akatazama. Mshale ulikuwepo, na ulielekea nyuma. Tairi zima lilikuwa limefungwa kinyume.

"Umeuona tangu lini?"

"Tangu ulipoliingiza."

"Na hukunigeuzia?"

"Si langu," Spoki akasema. Mikono bado ilikuwa mfukoni. "Ningekuambia kabla hujatoka. Nilikuwa natafuta namna ya kusema."

Mkasi alikaa sakafuni akamtazama mtu huyu mrefu, grisi kwenye kidevu, ovaroli aliyomshonea imeanza kuchakaa magotini, na hasira yote aliyoilinda kwa siku zote hizo ikamtoka bila kuaga. Bado alikuwa anampenda. Alikuwa anampenda hata alipokuwa akimfokea mbele ya zile kengele.

"Kaa hapa chini unishikie rimu," akasema. "Kushika tu. Nafunga mimi."

Wakalibandua pamoja, wakalirudisha mshale ukielekea mbele. Alipofika kwenye upepo, akauliza mwenyewe, "La mbele nijaze kiasi gani?"

"Pungufu ya la nyuma kidogo, lilale vizuri ardhini. Bonyeza." Gumba lake likakaa juu ya gumba la Mkasi, wakabonyeza pamoja. "Bado unaogopa?"

"Naogopa. Na wewe?"

"Mimi silali, mpenzi."

"Sasa hapo ndipo tunaelewana," Mkasi akasema. "Siku yenyewe usisimame Kiwiko. Nikiuona uso wako pale nitafunga breki. Simama mwisho wa mbio."

"Nitasimama mwisho."

*

Siku ya mbio kulikuwa na jua na vumbi jepesi. Mkasi alivaa jezi nyekundu aliyoipunguza mwenyewe kiunoni na kuipanua begani, pale mfupa ulipounga na kuacha kinundu. Alianza taratibu. Katikati ya mlima aliwapita watu wawili, kisha mmoja, kisha wanne waliokuwa wakitembea na kusukuma baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa likifanya kazi yake bila kelele. Meza ya wasimamizi ilipotokea kati ya miti, mwenye saa alisema, "Saa moja na dakika ishirini na moja. Pita, dada."

Hakupita mara moja. Alishuka, akatoa chaki mfukoni, akapaka ukingo wa tairi la mbele tu, kushoto na kulia, wasimamizi wakimtumbulia macho.

"Unafanya nini?"

"Naweka alama ya kukata."

Akapanda tena, akaanza mteremko. Kona za mwanzo zilikuwa pana, akazipita wima. Kisha barabara ikajikaza, changarawe ikaanza kupiga kelele chini, na mbele akaiona Kiwiko, na pembeni ya Kiwiko, juu ya mtaro, mwanamke amesimama wima na sanduku jeupe mkononi.

Vidole vilikwenda kwenye breki. Aliviona vikienda. Hapana, akasema, kwa sauti, kama anavyomwambia mteja anayetaka kusogea wakati anapimwa. Alipunguza mwendo mapema, pale ardhi ilipokuwa imenyooka, kisha akaviachia vidole vyote, akatazama mwisho wa kona badala ya mtaro, na akainama. Baiskeli ikalala upande wa kushoto. Kwa muda wa pumzi moja hakusikia kitu. Halafu alilisikia tairi la mbele likiuma changarawe, jino baada ya jino, na likashika, likaendelea kushika, na kona ikaisha.

"Mwanangu!" mama yake alipiga kelele nyuma yake. "Mwanangu, umepita!"

Alikuwa wa thelathini na saba. Alivuka mstari akilia na kucheka, akasimama mbele ya Spoki, ambaye hakuwa na rangi usoni.

"Umeweka mguu chini?"

"Usiniulize mimi. Uliza tairi."

Spoki akapiga goti pale pale kwenye vumbi, akashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili. Upande wa kulia chaki ilikuwa bado nyeupe. Akaligeuza. Upande wa kushoto, ukingoni kabisa, haikuwepo. Imefutika yote, meno yako wazi.

Watu waliomwona amepiga goti mbele ya mwanamke hawakujua habari za chaki. Mmoja akapiga mluzi, wengine wakapiga makofi, vigelegele vikaanza upande wa pili wa kamba. Mama mtu alikuwa akishuka mbio na sanduku lake, akaona, akapunguza mwendo.

"Simama," Mkasi akamwambia kwa sauti ya chini, akijikaza asicheke. "Hapana, usisimame. Umepiga goti mbele ya watu wote hawa na mama yangu anakuja. Utawaambia ulikuwa unatazama tairi?"

"Nilikuwa natazama tairi."

"Najua. Sasa inua uso, unitazame mimi, uulize."

Spoki akainua uso. Machozi yalikuwa yamechora mistari miwili kwenye vumbi la mashavu yake.

"Utakubali tuishi pamoja? Nikiogopa nitakuambia. Kila mara. Hata ukichoka kunisikia."

"Nami nitakubishia. Kila mara. Ndiyo, Spoki, nimekubali. Sasa ndiyo usimame, na unyooshe mgongo."

Akatoa tepu ya kupimia kwenye mfuko wa nyuma wa jezi. Alikuwa ameibeba mlima mzima. Akaipitisha kutoka bega hadi bega la mtu wake, macho yakisoma sawasawa.

"Unapima nini?"

"Koti lako la harusi. Kumi na nane na nusu. Nitakata kesho."

"Utakata kesho? Hutapima mara tano?"

"Nimeshapima."

"Na litafanana na gauni lako?"

Mkasi alichukua kipande cha chaki kilichobaki, akaandika namba ile kwenye mkono wa ovaroli ya Spoki asije akaisahau.

"Halitafanana," akasema. "Ndiyo jozi yenyewe."